Dari Inayopumua: Uchambuzi wa Kisa cha Fleksibo ya Chuma katika Jengo la Ofisi, Dar es Salaam

Kisa hiki kilitokea katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye ghorofa moja ya jengo la ofisi. Nimeondoa jina la jengo, la mpangaji na la mkandarasi, pamoja na mwaka. Vipimo vya umeme nimeviacha vilivyo. Nilikuwa msimamizi wa kazi za umeme kwa upande wa mshauri, kwa hiyo baadhi ya maamuzi ninayoyachambua hapa ni yangu mwenyewe, na mojawapo lilikuwa baya.

Nawaandikia mafundi na mainjinia wanaofanya kazi kwenye majengo yenye viyoyozi vikubwa. Neno moja tu, fleksibo, yaani bomba linalopindika la kupitishia nyaya, lilibeba vitu tofauti vichwani mwetu, na kwa wiki kadhaa kila mmoja aliamini anamwelewa mwenzake.

Mazingira ya kazi

Ghorofa ilikuwa na takriban mita za mraba 600. Mpangaji, kampuni yenye makao makuu nje ya nchi, alibomoa kuta za zamani ili apate ofisi ya wazi yenye dari mpya ya vigae vya jipsamu. Ubaridi ulitoka kwenye chila, mashine ya kupoza maji, iliyoko juu ya paa. Maji baridi yaliteremka kwa mabomba hadi kwenye chumba cha mashine kuu ya hewa cha kila ghorofa, kisha hewa iliyopoozwa ikasukumwa kwenye madakti, yaani njia za bati za kupitishia hewa, na kutokea kwenye matundu ya darini.

Hewa ya kurudi haikuwa na dakti. Ilipanda kupitia vigae vyenye matundu, ikajaa uwazi ulioko kati ya jipsamu na zege, na feni ya mashine kuu ikaivuta yote kutoka humo. Watu wa viyoyozi huuita uwazi huo plenamu. Sisi wa umeme tumezoea kusema "juu ya dari", nasi tunapachukulia kama mahali pa kufichia nyaya. Tofauti ya majina hayo mawili ndiyo iliyotugharimu. Plenamu ni sehemu ya chumba chenyewe. Kinachonuka, kuvuja au kuungua humo huvutwa na feni, huchanganywa na hewa baridi, na ndani ya muda mfupi kimerudi puani mwa kila aliyeketi chini.

Uwazi wetu ulikuwa na kina cha takriban sentimita 70, na boriti za zege ziliupunguza zaidi katika sehemu nyingi. Humo zilining'inizwa feni ndogo kumi na mbili za kusaidia kusukuma hewa pembezoni mwa ofisi. Kila feni ilikuwa na kisanduku cha bati na ilishikwa na fimbo zenye mipira ya kuzuia mtetemo. Mipira hiyo nitairudia.

Makabrasha ya kazi yaliandikwa na watu wa makao makuu kwa kufuata kanuni za umeme za Marekani, NEC. Hapa nchini wengi wetu tumelelewa kwa mapokeo ya Uingereza, yaani BS 7671, na umeme wetu ni wa volti 230. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na sentensi isemayo kwamba nyaya za ndani ya plenamu zipite kwenye mabomba ya chuma, na kwamba fleksibo ya chuma inaruhusiwa. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa kwa kanuni ilikotoka. Masharti yake, hata hivyo, yalibaki kwenye kurasa ambazo hazikuja Dar es Salaam.

Sampuli mbili mezani

Msimamizi wa mafundi wa mkandarasi alikuwa mzee mwenye uzoefu mkubwa kuliko wangu, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi na ambaye mikono yake naiheshimu hadi leo. Alikwenda eneo la Gerezani, hapa hapa jijini, akarudi na sampuli mbili. Moja ilikuwa chuma kitupu kilichopakwa zinki, mikunjo yake ikionekana. Nyingine ilikuwa chuma hichohicho kilichovalishwa ganda laini la plastiki la rangi ya kijivu.

"Injinia mwanangu," aliniambia, "hii ya wazi haitamaliza masika mawili. Hapa tuko karibu na bahari, na juu kuna mabomba ya maji baridi yanayotoa jasho. Tuchukue hii iliyovaa koti."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Chumvi ya upepo wa bahari pamoja na unyevu wa jiji hili hula zinki haraka, na bomba la maji baridi ambalo sponji yake imechanika hudondosha matone mchana kutwa. Nilipitisha kidole juu ya ganda, nikaikunja sampuli mara mbili, nikaona imara, nikasaini. Sikuuliza ganda lile limetengenezwa kwa nini. Nilikuwa nakagua nguvu za bomba, wala sikuwaza kabisa hewa itakayolizunguka.

Mafundi wakaendelea. Fleksibo ya kijivu ikapita kutoka sanduku la breka, yaani swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi, hadi feni ya kwanza, ikatoka ya kwanza kwenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Vipande vingine vilizidi mita sita. Mahali pengi ililazwa juu ya fremu ya vigae vya dari au ikafungwa kwa vibana vya plastiki kwenye fimbo zinazoshika fremu hiyo. Ndani yake zilipita nyaya mbili tu, laivu na nyutro. Waya wa ethi, ule unaoupa umeme wa hitilafu njia ya kurudi ili breka ikate, haukuwekwa. Mkandarasi alikuwa amesoma mahali kwamba kwa Wamarekani fleksibo yenyewe inakubalika kuwa ethi, na kwa kuwa makabrasha yalikuwa ya Kimarekani, aliona ni ruhusa.

Alhamisi na Jumamosi

Alhamisi ya wiki ya majaribio, kijana wa viyoyozi aliyekuwa kwenye ngazi ya mbao alisema feni ya saba "inauma" ukiigusa. Fundi umeme mmoja alipanda, akaigusa kwa mgongo wa kidole, hakuhisi kitu, akashuka. Hakuna aliyeandika. Ngazi ya mbao na viatu vikavu vinaweza kukukinga mara mia moja na kukuacha ya mia na moja. Lalamiko lile lilitosha kusimamisha kazi.

Jumamosi jioni tuliwasha mfumo mzima: mashine kuu, feni zote kumi na mbili, taa zote. Tulikuwa watu kama kumi na tano, pamoja na wasafishaji na mafundi wa samani. Baada ya kama dakika ishirini ikaanza harufu ya plastiki inayoungua. Kila mtu alidhani inatoka juu ya kichwa chake. Aliyekuwa dirishani alisema iko dirishani, na aliyekuwa kwenye chumba cha mikutano alisema iko mle. Wote walikuwa sahihi, kwa sababu ilikuwa ikishuka na hewa baridi kutoka kila tundu la dari.

Tulikimbia huku na huko tukifungua vigae ovyo. Mtu mmoja alishika simu kupiga 114, namba ya Zimamoto, lakini hakujua awaambie moto uko wapi. Macho yakaanza kuwasha. Kitambuzi cha moshi hakikulia hata kimoja. Vitambuzi vyote vilikuwa chini ya dari, na moshi uliovifikia ulikuwa umekwisha kuchanganywa na hewa ya ghorofa nzima. Uwazi wenyewe haukuwa na kitambuzi, kwa kuwa kanuni ya Uingereza ya vitambuzi kwa kawaida haidai kimoja kwenye uwazi wenye kina cha chini ya milimita 800.

Aliyetuokoa ni yule kijana wa viyoyozi. Alikimbilia chumba cha mashine akazima feni kuu. Hewa ikatulia, na ndani ya dakika moja moshi ukaanza kujikusanya na kuteremka mahali pamoja, karibu na feni ya saba. Hapo ndipo nilipozima breka kuu ya ghorofa. Nakiri mpangilio huo ulikuwa wa bahati. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nasoma majina kwenye sanduku la breka.

Tulipofungua kigae tulikuta kipande cha fleksibo chenye urefu wa kama mita moja na nusu ganda lake limeyeyuka na kuning'inia kama nta. Mvuke wa plastiki ya PVC ikiungua una haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na maji ya machoni na mapafuni huwa asidi. Tulitoka wote nje, tukafungua madirisha ya upande wa ngazi, na hatukurudi hadi usiku. Hakuna aliyelazwa. Msafishaji mmoja alikohoa siku mbili.

Chanzo

Jumapili tulipima. Kwenye mlango wa feni ya saba, fleksibo ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, na ukingo wake mkali haukuvishwa bushi, ile pete laini ya kukinga nyaya. Feni ilipotetemeka, ukingo ule ukala ganda la waya wa laivu kidogo kidogo mpaka shaba ikagusa chuma. Hitilafu ya namna hiyo inatakiwa iangushe breka papo hapo. Haikuanguka. Feni iliendelea kuzunguka na taa zikaendelea kuwaka.

Kipimo kinaeleza sababu. Upinzani wa njia nzima ya hitilafu, kutoka sehemu ile hadi kwenye chanzo na kurudi, ulikuwa ohm 11.2. Gawanya volti 230 kwa 11.2: unapata ampea 20 na nusu. Breka ilikuwa ya ampea 16, aina C, ambayo ili iruke papo hapo inahitaji takriban mara kumi ya hizo. Ampea 20 na nusu kwake ni mzigo uliozidi kidogo tu, na breka ya kawaida ya namna hiyo inaruhusiwa kuuvumilia zaidi ya saa nzima bila kukata. Upinzani mkubwa zaidi ambao breka hiyo inaukubali ni karibu ohm 1.37. Sisi tulikuwa na mara nane yake.

Takriban ohm 9 kati ya hizo zilikuwa kwenye fleksibo na konekta zake. Zidisha ampea 20 na nusu kwa zenyewe, kisha kwa 9, utapata karibu wati 3,800. Huo ni moto wa majiko mawili ya umeme, uliogawanyika katika konekta kadhaa ndani ya dari, chini ya ganda la plastiki, katikati ya upepo. Na kisanduku cha feni kilikuwa na zaidi ya volti 180. Ndicho kilichokuwa "kikiuma" siku ya Alhamisi, pengine wakati huo waya ukiwa umechubuka kidogo tu.

Kwa nini chuma kikawa na ohm 9? Ukiipasua fleksibo utakuta ni ukanda mwembamba wa bati uliozungushwa kama springi, kingo zake zikiumana kila mzunguko. Umeme wa hitilafu una njia mbili: uufuate ukanda wote, ambao ukinyooshwa ni mrefu mara kadhaa kuliko fleksibo yenyewe, au uruke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine pale kingo zinapogusana. Kingo zikipata kutu, au fleksibo ikivutwa hadi mizunguko iachane, njia ya mkato inakufa. Ongeza konekta kumi na nne zilizokazwa kwa mkono, kila feni ikiipokezana na nyingine. Na ile mipira ya mtetemo? Ilizitenga feni na fimbo, na fimbo na nondo za zege. Hata njia ya bahati haikubaki.

Maamuzi na sababu zake

Mpangaji alikuwa na tarehe ya kuhamia wiki mbili baadaye. Jumatatu asubuhi tulikaa: mimi, mwakilishi wa mpangaji, mkandarasi, mzee wetu, na injinia wa viyoyozi.

Pendekezo la kwanza, la mkandarasi, lilikuwa kubadili kile kipande kilichoungua, kutia bushi kila mlango na kukaza konekta. Nililikataa palepale. Lingeondoa hitilafu moja na kuacha mazingira yaliyoifanya iwe moto.

Pendekezo la pili lilitoka kwa injinia wa viyoyozi: tuipe hewa ya kurudi dakti zake, ili uwazi wa dari usiwe plenamu tena. Kwa moyo wangu hili ndilo nililolipenda. Lakini boriti zilikula kina chote; dakti ya ukubwa unaotakiwa ingelazimu kushusha dari hadi chini ya vichwa vya madirisha, na kazi ingechukua miezi. Lilianguka kwa sababu ya vipimo, wala si fedha.

La tatu ndilo tulilolichukua. Njia kuu zote ndani ya dari zitakuwa bomba gumu la chuma lililopakwa zinki, lililofungwa kwenye zege kwa vishikio vyake lenyewe, bila kuegemea fremu ya vigae. Fleksibo itabaki mwishoni tu, kutoka kisanduku cha maungio hadi kwenye feni au taa, isizidi mita 1.8, na iwe chuma kitupu kisicho na ganda. Kila mzunguko, hadi nchani, utakuwa na waya wa shaba wa ethi ndani ya bomba.

Kulikuwa na ubishi juu ya ganda. Muuzaji alimpa mkandarasi fleksibo nyingine ambayo lebo yake ilisema ni ya moshi kidogo, naye akaileta akiwa na matumaini. Nilimweleza kwamba kwenye soko la nyaya la mapokeo ya Uingereza kuna maneno mawili yanayofanana. LSF mara nyingi ni PVC iliyochanganywa dawa, ikiungua bado inatoa ile asidi, ila pungufu. LSZH ndiyo isiyo na klorini kabisa. Lakini hata LSZH isingetuponya, kwa sababu kanuni tuliyokuwa tukiifuata ndani ya plenamu hairuhusu fleksibo yenye ganda lolote lisilo la chuma. Chuma kinaruhusiwa kwa kuwa hakichangii moto, na kwa kuwa kinafungia ndani moshi wa nyaya zenyewe. Ukikivalisha plastiki kwa nje umeirudisha plastiki kwenye upepo.

Mzee aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake jepesi: "Na kutu je?" Tulikubaliana kwamba ndani ya nusu mita kutoka bomba lolote la maji baridi hakuna fleksibo itakayopita, ila bomba gumu tu, na kwamba watu wa viyoyozi watafunga upya sponji zote zilizochanika kabla ya vigae kurudi. Sharti hilo la pili lilikuwa lake, na ni zuri.

Uamuzi wa mwisho ulihusu feni kuu. Tuliweka kitambuzi cha moshi kwenye mdomo wa hewa ya kurudi, kabla tu ya mashine, kilichounganishwa ili kikishtuka kizime feni chenyewe. Tulichokifanya kwa bahati siku ya Jumamosi kifanywe na waya.

Matokeo

Kazi ilichukua siku kumi na saba. Mpangaji alihamia kwa kuchelewa, na mazungumzo ya nani alipe yaliendelea miezi baada ya hapo. Siyaelezi, hayafundishi kitu. Upinzani wa njia ya hitilafu kwenye feni ya saba ulishuka kutoka ohm 11.2 hadi 0.9. Tulitengeneza hitilafu ya makusudi kupitia kifaa cha majaribio, na breka ikaruka kabla sikio halijasikia kitu kingine. Kitambuzi cha hewa ya kurudi kilijaribiwa kwa moshi wa kopo: feni kuu ilizimika ndani ya sekunde chache.

Uchambuzi: kanuni zilizokatwa nusu

Kosa la msingi halikuwa la uvivu. Mkandarasi alisoma, mzee alifikiri kuhusu bahari, mimi nilikagua sampuli. Tatizo ni kwamba tulichanganya mapokeo mawili ya kazi, na katika kila moja tukachukua ruhusa tukaacha sharti.

Kanuni za Marekani zinaruhusu fleksibo ya chuma juu ya dari inayorudisha hewa, kweli. Ndani ya dakti halisi iliyotengenezwa kwa ajili ya hewa zinabana zaidi: si zaidi ya mita 1.2, na ni kwa vifaa vinavyohitaji kusogezwa tu. Zinaruhusu fleksibo kuwa ethi, kweli pia, lakini njia nzima isizidi mita 1.8, breka isizidi ampea 20, konekta ziwe zimeidhinishwa kwa kazi hiyo, na kama fleksibo imewekwa kwa ajili ya kumeza mtetemo, basi waya wa ethi ni lazima. Feni zetu zilitetemeka. Sharti hilo moja lingetosha. Zinadai pia fleksibo ishikwe ndani ya milimita 300 kutoka kila kisanduku, kisha kila mita 1.4, na isitundikwe kwenye fimbo za dari.

Mapokeo ya Uingereza kwa upande wake yanakataa kabisa fleksibo kuwa ethi, fupi au ndefu. Fundi aliyesoma kwa vitabu hivyo asingekubali. Lakini aliposikia "hii kazi ni ya Kimarekani", aliweka pembeni alichokijua, na hakupewa kingine kamili cha kukijazia. Vilevile, tangu 2018 BS 7671 inataka nyaya katika jengo lote zishikwe kwa namna ambayo hazitaporomoka mapema wakati wa moto. Vibana vya plastiki vinayeyuka kwanza. Mzimamoto anayeingia kwenye moshi anakutana na nyavu za nyaya usoni. Kwa kanuni yoyote kati ya hizo mbili, ikifuatwa nzima, kisa hiki kisingetokea.

Nilipomsimulia mzee kuhusu hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas alinyamaza muda mrefu. Iliungua tarehe 21 Novemba 1980, watu 85 wakafa. Moto ulianzia kwenye mkahawa wa chini, kando ya kabati la baridi la vitafunwa: fleksibo ya alumini iliyotegemewa kuwa ethi, nyaya zilizosuguliwa na mtetemo wa mitambo ya ubaridi, hitilafu ambayo haikukatwa. Wengi wa waliokufa walikuwa ghorofa za juu, mbali na ndimi za moto, wameuawa na moshi uliopanda kwa njia za lifti, ngazi na mifumo ya hewa. Sisi tulikuwa na viungo vilevile kwa kipimo kidogo: fleksibo, mtetemo, ethi isiyo ethi, na hewa inayobeba moshi.

Kilichofanya kazi

Kuzima feni kuu kabla ya kutafuta chanzo. Ingekuwa juu yangu, kila jengo lenye dari inayorudisha hewa lingekuwa na swichi hiyo mahali pa wazi, na kila mlinzi angefundishwa kuigusa kwanza. Kupima badala ya kubahatisha pia kulitusaidia: kipimo cha ohm 11.2 kiliumaliza ubishi kuliko hotuba yoyote. Na kumshirikisha mzee kwenye uamuzi, hata baada ya pendekezo lake la ganda kuonekana na kasoro, kulitupatia sharti la sponji ambalo mimi nisingelifikiria.

Kilichoshindwa

Saini yangu kwenye sampuli ndiyo ya kwanza. Swali la "ganda hili ni la nini, na ninaliweka kwenye hewa ya nani?" lingechukua dakika moja. Pili, kipimo cha njia ya hitilafu kilipangwa kufanyika mwisho, baada ya mfumo kuwashwa kwa siku kadhaa. Kinapaswa kutangulia umeme wa kudumu. Tatu, lalamiko la Alhamisi halikuwa na mahali pa kuandikwa. Kijana wa viyoyozi si fundi umeme, naye aliona si kazi yake kusisitiza. Nne, na hili liligunduliwa tukiwa tumekwisha kufunga nusu ya vigae: mkandarasi wa kompyuta alikuwa amelaza mamia ya mita za waya wa mtandao wenye ganda la kawaida la PVC kwenye uwazi uleule. Tulibishana juu ya koti la fleksibo tukiwa tumekaa chini ya plastiki nyingine nyingi zaidi. Ilibidi uondolewe wote na kuwekwa wa aina iliyojaribiwa kwa ajili ya plenamu. Mkutano wa Jumatatu ulipaswa kumwita na yeye.

Ukaguzi wa baadaye

Nilirudi baada ya masika mawili, muda uleule alioutaja mzee. Tulifungua vigae kumi. Bomba gumu lilikuwa zima. Vipande viwili vya fleksibo tupu, vyote karibu na dirisha lililokuwa likiachwa wazi usiku, vilikuwa na kutu ya wazi kwenye mikunjo, na kimoja kilianza kumomonyoka mdomoni. Waya wa shaba ndani yake haukuwa na doa, na kipimo cha njia ya hitilafu kilikuwa kilekile, ohm 0.9. Tulibadilisha vipande vyote viwili siku hiyohiyo, na mlinzi akapewa kazi ya kufunga lile dirisha.